KAKA WA KLIPU, HIYO VIDEO IFUTE

Kama wikiendi hii ulikuwa na bando, basi ile video umeiona. Kama hukuwa nalo, kuna mtu alikusogezea simu usoni, "hebu cheki hii." Kijana mmoja wa maudhui ya magari, jina tunaliacha, mwenyewe anajijua na mashabiki wake wanamjua, amekaa ndani ya Crown nyeupe iliyong'arishwa mpaka mawingu yanaonekana kwenye boneti. Kiti amekilaza kama cha kinyozi. Anatoa somo: mambo matano ya kufanya ndinga yako ikishatoka bandarini.

La kwanza, spoti rimu. Sawa. La pili, kutoa limita ili gari livuke 180. Hapo nilicheka, maana kwa foleni za Ubungo na tochi za kuelekea Kibaha hiyo 180 unaitumia saa ngapi? La tatu, toa stelingi iliyokuja na gari, eti "ya kizee", weka ile ndogo ya lesi. La nne, visha siti kava za ngozi zinazobana kila kona. La tano akaingiza mkono mfukoni akatoa kile kidude cha chuma, klipu ya mkanda, akakichomeka pale mkanda unapofungiwa. Kelele ya ti-ti-ti ikakata. Akageukia kamera: "Gari la kisasa linaongea sana. Linyamazishe." Akaondoka, mkanda unaning'inia pembeni.

Laiki zikamiminika. Dada mmoja wa filamu, yule ambaye juzijuzi tu alitupostia SUV yake mpya yenye skrini kubwa kuliko TV ya kwetu Manzese, akatupia vicheko vitano na "mwambieee". Staa mwingine wa Bongo Fleva ambaye ni balozi wa yadi fulani akaishea. Na mjadala ukawaka: Timu Magari ya Zamani upande huu, Timu Magari ya Kisasa upande ule, povu kila kona, mpaka watu wakaanza kutukaniana mama zao kwa sababu ya kitufe cha AC.

Nikasoma komenti zote mpaka saa nane usiku. Kilichoniuma ni kwamba katika povu lote lile, sikuona mtu hata mmoja aliyegundua jamaa alikuwa anafundisha nini. Mambo yake matano, matatu kati ya hayo ni namna tatu tofauti za kufa kwenye ajali ambayo ungetoka ukitembea kwa miguu yako.

Subirini nifike huko. Kwanza nikiri kitu, nisionekane mwalimu wa zamu.

Kwenye ule mjadala, nusu ya malalamiko ya Timu Zamani ni yangu pia. Magari ya siku hizi yanaudhi. Gari la mzee wangu lilikuwa na kitufe cha kuzungusha cha AC, mkono unakijua hata gizani, macho yako barabarani. Leo kupunguza baridi unaangalia skrini, unabonyeza picha ya feni, unasubiri, unabonyeza tena, umeshalikaribia bodaboda. Na usidhani ni sisi washamba tunaolalamika. Euro NCAP, wale jamaa wa Ulaya wanaogongesha magari na kuyapa nyota, wamesema kuanzia 2026 gari linalotaka nyota zote tano liwe na vitufe vya kushika kwa mkono kwa vitu vya msingi: indiketa, hazadi, waipa, honi na kitufe cha kuita msaada. Yaani baada ya miaka yote ya kuficha kila kitu ndani ya skrini, wataalamu wamerudi kule kule alikokuwa mzee wangu.

Tena kuna hili la kukodishiwa gari ulilonunua. Mwaka 2022 BMW walikuja na mpango kwenye baadhi ya nchi, Korea Kusini ikiwemo, kwamba siti za kupasha joto zimo tayari ndani ya gari, waya upo, kila kitu kipo, ila zisifanye kazi mpaka ulipe kila mwezi. Kama king'amuzi! Watu wakachachamaa, na mwaka uliofuata wakaachana nao. Mercedes nao wakawaambia Wamarekani wenye magari yao fulani ya umeme walipe dola 1,200 kwa mwaka gari liongeze kasi ya kuchomoka. Injini ni ile ile, unalipia ruhusa. Mtu akikasirika hapo mimi namshikia koti.

Na kule Ulaya, tangu Julai 2024, kila gari jipya linalouzwa lazima liwe na mtambo unaosoma vibao vya spidi na kukuonya ukizidisha. Unaweza kuuzima, ila ukiwasha gari kesho asubuhi umerudi. Wapenda magari wa huko wanalia kila siku, kwamba unasoma kibao cha barabara ya pembeni halafu unakupigia kelele wewe uliye kwenye barabara kuu. Nawaelewa. (Sisi mtambo wetu ni yule jamaa anayekuja mbele yako na kukuwashia taa kubwa mara mbili, na unakunja hamsini bila kuuliza. Haujawahi kukosea.)

Lakini magari hayo ya Ulaya tuyaache, wengi wetu tunayaona kwenye simu. Sisi ni watu wa mnada wa Japani, na kero zetu ni za kwetu. Redio ya Kijapani imetengenezwa kwa ajili ya masafa ya kwao, inaanzia 76 inaishia 90, wakati stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo mpaka 108. Kwa hiyo unaendesha gari lenye spika nane na unasikiliza stesheni mbili na mlio wa shhhh, mpaka ufunge kile kiboksi cha kushusha masafa. Ramani ndani ya skrini ni ya Nagoya. Uko Tabata, gari linaamini liko baharini. Halafu siku betri ikifa, ole wako: ukirudisha betri skrini inadai namba ya siri kwa Kijapani, na mwenye hiyo namba ni babu mmoja huko Osaka ambaye hakumbuki hata kama alikuwa na gari hilo. Zingine kadi ndogo ya ramani ikitoka, mfumo mzima unagoma, muziki hakuna.

Injini nazo. Magari mengi ya sasa yanataka oili nyepesi, 0W-20, na gia za CVT zinataka oili yake zenyewe. Fundi wa chini ya mwembe anakumiminia ile aliyonayo kwenye dumu, "oili ni oili bosi wangu", na baada ya miezi kadhaa gari linavuta kana kwamba kila siku linapanda Sekenke. Kisha unakuja mtandaoni kuandika kwamba magari ya kisasa ni makapi. Gari limekosa nini hapo?

Basi hizo zote ni kero. Zinaudhi, zinakula hela, tuzilalamikie hadi asubuhi. Kosa la Kaka wa Klipu ni kuchukua hasira hiyo ya haki na kuielekeza kwenye vitu vinavyokuweka hai. Skrini inayokera na kelele ya mkanda amezitia kwenye kapu moja, zote "gari linaongea sana."

Na nyuma ya maneno yake kuna imani moja niliyoikuta kwenye komenti zaidi ya ishirini: gari la zamani lilikuwa "bati zito", lilikuwa linakulinda lenyewe, la sasa "plastiki", likigongwa linakunjamana kama boksi. Hii imani nimeisikia tangu utotoni, na wajomba zangu wote wanaiapia. Sasa sikia. Mwaka 2009 taasisi ya bima ya Marekani inayopima usalama barabarani, IIHS, ilichukua Chevrolet Bel Air ya 1959, lile bati zito hasa la ndoto za wajomba, ikaligonganisha uso kwa uso na Chevrolet Malibu ya 2009, kila moja likiwa spidi ya kilomita 64 hivi kwa saa. Video ipo, itafute. Lile la zamani chumba cha dereva kiliporomoka, stelingi na dashibodi vikamwingilia yule mwanasesere wa majaribio. Angekuwa mtu, angekufa. Dereva wa Malibu angetoka na maumivu ya mguu. Pua ya gari la kisasa inakunjamana makusudi. Inakunjamana ili nguvu ya kishindo iishie kwenye chuma, isifike kwako. Bati lisilokunjamana linakuletea kishindo chote kifuani.

Sasa turudi kwenye yale mambo matatu.

Stelingi ya gari lako ina mfuko wa hewa ndani yake, ile eabegi. Ukiitoa ukaweka stelingi ya lesi, umetoa eabegi ya dereva. Wale wenye stelingi ndogo kwenye mashindano wana kofia ngumu, mikanda inayopita mabega yote mawili, na vyuma vya kuzunguka chumba kizima. Wewe una kapelo na kahawa.

Siti kava. Angalia ubavu wa siti ya mbele, upande wa mlango. Ukiona kitambulisho kidogo kimeandikwa SRS AIRBAG, ina maana kuna mfuko mwingine ndani ya siti unaopasua mshono pale pale ukigongwa ubavuni. Ukiibana siti kwa kava la ngozi lililoshonwa kila kona, huo mfuko unatokea wapi? Zipo kava zinazoachwa wazi ubavuni kwa ajili hiyo. Jamaa hakusema.

Na klipu. Hapa ndipo naomba tuelewane, kwa sababu watu wengi wenye akili zao, wengine ni ndugu zangu, wananiambia: "Mkanda wa nini, gari lina eabegi sita." Hizo herufi SRS zilizo kwenye dashibodi yako, S ya mwanzo maana yake ni "cha nyongeza". Nyongeza ya nini? Ya mkanda. Aliyetengeneza eabegi alipiga hesabu zake akijua wewe umefungwa umetulia kwenye kiti. Ule mfuko haufunguki taratibu kama mto wa kulalia. Ni mlipuko, unamaliza kazi kabla hujapepesa jicho. Ukiwa umefungwa unakukuta mahali pake. Ukiwa hujafungwa, breki ile ya kwanza imeshakutupa mbele, kwa hiyo uso wako unakutana na mlipuko ukiwa umeushika kabisa. Ukinunua klipu ya elfu tano unazima mkanda, na ile eabegi unayojivunia unaigeuza ngumi.

Mkanda wenyewe wa pointi tatu ulitengenezwa na injinia wa Volvo, Nils Bohlin, mwaka 1959, na Volvo wakaiachia dunia nzima waitumie bure. Dunia nzima. Kisha sisi tunatoa hela mfukoni kununua kidude cha kuukataa.

Mnaweza kusema huyu mwandishi ana chuki na mafanikio ya vijana. Basi niwaambie kwa nini nimelala saa nane.

Mwaka juzi nilinunua kigari changu cha kwanza. Kidogo tu, cha Kijapani, cha kuniondoa kwenye daladala. Yadi siitaji, na ukinifuata inboksi sikutajii. Kilikuwa kisafi, kimepulizwa manukato ndani, taa zote za dashibodi zimezima, hakuna hata moja ya kunitisha. Muuzaji akaniambia, "Dashibodi haina deni hiyo." Nilikifurahia. Kwa miezi kumi na minne nilikipeleka kazini, harusini, na mara mbili nikampakia mama kwenda Tanga na kurudi.

Siku moja indiketa ikagoma nikaenda kwa fundi wangu wa umeme, mzee mmoja wa Kigogo ambaye haongei sana. Akawasha switchi, akaitazama dashibodi, akazima. Akawasha tena.

"Kijana wangu, ile taa ya mtu mwenye puto mbele huwa unaiona ukiwasha?"

"Sijawahi kuiona mzee. Si ndiyo vizuri?"

"Aa, hapo ndipo pa kuogopa. Ile lazima iwake kidogo halafu izime. Ikikaa imewaka, kuna ugonjwa. Isipowaka kabisa, kuna mtu."

Akafungua dashibodi, nyuma ya ile taa kulikuwa na kipande cha sotepu nyeusi. Akafungua kifuniko cha stelingi. Ndani kulikuwa na shimo. Shimo tu, na waya mbili zimefungwa. Eabegi ilishalipuka zamani, kwenye ajali ambayo sikuambiwa, na kwa kuwa ikilipuka hairudi na mpya ni ghali, mtu alinunua kifuniko akakibandika vizuri, kenye nembo na maandishi yake. Mimi nilikuwa nalipia gari lenye eabegi mbili, nikisukuma moja. Ya upande wa abiria ilikuwepo. Kwa hiyo mama alikuwa na yake. Nilikaa kwenye benchi la yule mzee nikanywa maji chupa nzima.

Akaniambia nina bahati walionifanyia walikuwa wavivu. Wajanja hawabandiki sotepu. Wanaweka rezista, kitu kidogo kama punje ya mchele, kwenye ile waya; kompyuta ya gari inadhani eabegi ipo, taa inawaka na kuzima kama kawaida, na huwezi kujua mpaka stelingi ifunguliwe au mpaka ugonge.

Sasa hiyo ni habari ya eabegi isiyokuwepo. Kuna habari ya iliyopo, na hii ndiyo ilinifanya nianze kusoma mambo haya kwa bidii.

Kulikuwa na kampuni ya Japani inaitwa Takata, ilitengeneza eabegi za karibu kila mtu: Toyota, Honda, Nissan, Mazda, BMW na wengine. Ndani ya eabegi kuna kopo la chuma lenye baruti inayojaza mfuko. Takata walitumia ammonium nitrate, na ikaja kugundulika kwamba kwenye yale yasiyokuwa na dawa ya kunyonya unyevu, miaka ikipita, joto na unyevu vinaiharibu ile baruti, inawaka kwa kasi kuliko ilivyopangwa, na kopo lenyewe linapasuka. Mfuko unapofunguka unakuja na vipande vya chuma shingoni. Ajali ndogo tu ya kusukumana bampa kwenye foleni, mtu anakufa kama aliyerushiwa guruneti. Marekani pekee wamekufa zaidi ya 25. Makopo karibu milioni 100 yakaitwa yarudi duniani kote, zoezi kubwa kuliko yote katika historia ya magari, na Takata ikafilisika 2017.

Soma tena hayo maneno: joto na unyevu, miaka ikipita. Wamarekani walipopanga nani abadilishiwe kwanza, waliweka mbele majimbo ya joto la unyevunyevu kama Florida. Wewe niambie Dar ni nini. Tanga, Mombasa, Unguja ni nini. Gari limekaa miaka kumi kwenye baridi ya Japani, kisha linakuja kuanikwa Kariakoo mwezi wa pili. Na magari yaliyoitwa, Corolla na Vitz za miaka ya 2003 mpaka 2007, Honda Fit, nenda kasimame Mwenge dakika tano uyahesabu.

Japani wenyewe hawakucheza. Kuanzia Mei 2018, gari lililoitwa kwa sababu ya Takata na halijabadilishwa, yale ya hatari zaidi, linanyimwa ukaguzi wao. Yaani huliendeshi tena barabarani kwao. Kuna kitu kimenikaa kichwani tangu nilipolisoma hilo. Gari lisiloruhusiwa tena kwenye barabara ya kwao, mnada unalipeleka wapi?

Barua ya kuitwa ilitumwa kwa babu wa Osaka. Haikutumwa Sinza.

Kukagua si kazi ngumu. Kampuni kama Toyota na Honda zina kurasa za Kijapani ambapo unaingiza namba ya chasi, simu yako inakutafsiria, unajua kama gari lako liliitwa na kama lilibadilishwa. Nilifanya kwa langu. Lilitoka safi. Nilipomtumia binamu yangu maelekezo hayo alinijibu na emoji ya usingizi. Ile video ya klipu aliiishea mara mbili.

Na serikali? Hapa sitaki kuonekana natafuta wa kumlaumu, ila tuangalie kanuni zinavyouliza maswali. Kenya wanakataa gari lililozidi miaka 8. Uganda walikataza yaliyozidi miaka 15 mwaka 2018. Bongo tulichagua kodi: gari dogo likifika miaka 8 linaongezewa ushuru wa uchakavu asilimia 15, likivuka 10 inakuwa 30. Kote huko swali ni moja: una miaka mingapi? Wapenda magari wanaichukia hiyo kanuni, na kwa hoja. Gari la miaka 12 lililotunzwa na bibi mmoja anayekwenda nalo sokoni linalipa adhabu, la miaka 6 lililokunjwa na kunyooshwa, stelingi ni shimo, linapita kama bwana harusi. Umri wa chuma haukuambii kama eabegi ipo. Swali la "fungua hiki kifuniko nione" mimi sijawahi kulisikia likiulizwa, si na muuzaji, si na mnunuzi.

Wanaoweza kulifanya liulizwe ni nyinyi mnaofuatwa. Kaka mwenye jina kwenye muziki, wewe balozi wa yadi, unapopiga picha umekaa kwenye boneti na funguo mkononi, hebu siku moja waambie hao mabosi wako: kila gari liwekewe karatasi ya mnada wa Japani mezani, mteja aisome. Gari lililokwisha gonga na kutengenezwa wao wanaliandika R au RA, hawafichi. Karatasi inapotelea wapi kati ya meli na yadi? Unalipwa kuuza imani ya watu, angalau jua unauza nini. Na dada wa SUV, gari lako hilo nimeliangalia kwenye zile picha 14 ulizopost. Ni zuri, hongera, Mungu akuzidishie. Ila kwenye picha ya tisa mwanao kasimama katikati ya siti mbili za mbele na gari linatembea. Una gari lenye kamera pande zote nne na mtoto hana hata mkanda. Wafuasi wako wengi ni kina mama wa umri wako, wanaiga mpaka kucha zako.

Halafu wewe, Kaka wa Klipu.

Mimi ni mfuasi wako tangu una watu elfu tatu. Wewe ndiye uliyenifundisha kusikiliza injini ya D4 ikianza kugugumia kabla pampu haijafa. Wewe uliwaumbua wale wauza oili feki, ukatukanwa, ukasimama. Unajua magari kuliko mimi nitakavyowahi kujua, na ndiyo maana siamini kwamba hukujua klipu inafanya nini. Ulijua. Ilichekesha, ukaiweka.

Komenti ya nne kutoka juu kwenye video yako ni ya dogo mmoja, picha yake amevaa sare ya shule, ameandika: "Bro nimemchukulia dingi klipu mbili za kwake na maza." Ulimwekea moto tatu.

Ifute ile video. Ukitaka nyingine, nitakuja na kigari changu, tutafungua stelingi mbele ya kamera, nitakuonyesha ile sotepu nyeusi, bado ninayo kwenye droo. Eabegi mpya nilifunga, ilinimaliza akiba ya miezi mitano. Hata ukinichamba kwenye hiyo video, sawa, mradi wale waliokuangalia wikiendi hii waione.

Na nyinyi wengine, kabla hamjaanza povu: nenda kwenye gari lako sasa hivi, usiwashe injini, washa switchi tu, itazame ile taa ya mtu mwenye puto. Iliwaka ikazima, ilibaki, au haikuonekana kabisa? Andika hapo chini, aina ya gari na mwaka. Yadi usiitaje.